Mtangaza Vifo na Televisheni za Gemu

Msomaji, ulipofunga gazeti wiki jana Obadiah alikuwa amesimama nyuma ya pikapu yake pale Keumbu, maikrofoni mkononi, na soko zima limenyamaza likimsubiri. Mbele yake, juu ya mkokoteni, Fardosa alikuwa ameilaza televisheni pana kama mgonjwa aliyeletwa zahanati. Alimtaka jambo moja tu: aseme kwa vipaza sauti vile vile, kwa sauti ile ile, kwamba televisheni ile ni ya gemu.

Obadiah alifungua mdomo.

Akakohoa.

Najua baadhi yenu mlitaka azirai. Wengine mliapa kwamba atawasha gari akimbie. Hakuzirai na hakukimbia. Alikohoa, akaifuta maikrofoni kwa leso, akasema anaomba mpaka kesho mchana.

Soko likaguna. Hakuna aliyewahi kumsikia Obadiah akiomba muda.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo kwa sababu gazeti umelikuta limefungiwa maandazi, nikueleze huyu mtu ni nani. Obadiah hutangaza vifo. Toka Masimba hadi Magwagwa, pikapu yake ikipita, majembe husimama na sufuria huepuliwa. Watu husikiliza jina la marehemu, jina la boma na siku ya mazishi, kisha huanza kutafuta kuni na ndizi za kupeleka msibani. Hakuna anayepiga simu kuhakikisha. Obadiah akisema umekufa, umekufa.

Heshima hiyo hakuiokota. Ana utaratibu wake. Hatangazi habari ya kusikia. Huenda kwanza nyumbani, humpa mkono mjane, humwona marehemu, ndipo hupanda gari. Kuna familia moja ilimsihi amtangaze mjomba wao mapema kwa kuwa madaktari walikuwa wameshakata tamaa. Alikataa. Mjomba huyo leo anafuga ng'ombe wa maziwa na wale wapwa hasalimiani nao.

Sasa, Omosa wa duka la vyombo vya umeme pale Keumbu alikuwa ameleta shehena ya televisheni kwa ajili ya msimu wa bonasi ya majani chai. Alijiuliza ni nani anayeaminiwa na kila mtu. Wachungaji wamegawana waumini. Wanasiasa tuwaache walipo. Akabaki na mtu mmoja tu, ambaye hajawahi kumzika mtu aliye hai.

Alivitupa vipaza sauti vya Obadiah vilivyochakaa, akamfungia vipya juu ya pikapu, akamwambia ni zawadi. Obadiah naye, kwa kufuata utaratibu wake, alikwenda dukani kukagua. Akaonyeshwa maporomoko ya maji na kasuku ambaye unaweza kumhesabu manyoya. Akaridhika kwamba ameona kwa macho yake.

Akatangaza. Alisema televisheni ni ya 4K, ile picha kali kuliko zote, kasi yake mia na ishirini, imetengenezwa kwa gemu, na kwamba kitufe na picha ni chanda na pete. Alisema hayo kwa sauti pekee aliyo nayo. Akina mama wa Magwagwa waliweka chini vikapu vya chai, na wawili walikuwa wameshaanza kulia kabla ya kufahamu kwamba kuna kitu kinauzwa.

Walinunua. Vibanda vyote vya gemu, toka barabara kuu hadi ndani kabisa ya Nyamira, vilinunua.

Haya, turudi kwa Fardosa.

Fardosa ana kibanda cha gemu nyuma ya duka la nguo la mama yake, Mariam, na wateja wake wakubwa ni vijana wa mashindano. Tangu televisheni ya Omosa ipandishwe ukutani, mashindano yamekuwa ugomvi. Rashad, bingwa wa Masimba, alikosa penalti ambayo hata mama Mariam angeifunga, akasema ameibiwa. Mwenzake akasema Rashad ameishiwa. Walishikana mashati. Masimba wakaondoka wakisema hawachezi tena Keumbu, na kibanda kisicho na Masimba ni chumba chenye benchi tu.

Mchana ule ule wa kikohozi, Fardosa alimwingiza Obadiah kibandani akamweka mbele ya televisheni.

"Shika hii, mzee wangu," alisema, akampa padi ya kuchezea. "Piga penalti."

Obadiah alikuwa hajawahi kushika padi. Aliishika kama anavyoshika maikrofoni, karibu na kidevu. Alielekezwa kitufe. Akabonyeza. Mchezaji wa kwenye kioo akatulia kidogo, kama mtu anayejiuliza kama alifunga mlango wa nyumba, kisha akapiga mpira nje.

Obadiah alisema labda ni kidole chake, kimezeeka. Akarudia. Kidole kilikwenda, mchezaji akawaza, mpira ukatoka nje.

Fardosa hakubishana. Alitoa simu, akamrekodi Obadiah kidole na kioo katika picha moja, kisha akamchezea ile video polepole. Kidole kilishuka. Kioo kimelala. Kidole kilianza kuinuka. Kioo bado kimelala. Ndipo mguu wa mchezaji ukasogea, wakati kidole kilikuwa kimekwisha kusahau.

Akachomoa waya, akauunganisha na televisheni ndogo ya zamani aliyoachiwa na marehemu baba yake, yenye mkwaruzo pembeni. Akarekodi tena. Hapa kidole na mguu vilikwenda pamoja. Obadiah akafunga bao lake la kwanza maishani na hakutabasamu.

Aliiweka padi chini. Kisha akasema kwamba jambo hili analijua. Kule Magwagwa, akitangaza akiwa upande huu wa bonde, maneno yake hufika mlima wa pili yamechelewa. Mtangazaji mgeni hufululiza, na maneno yanagongana hewani mpaka watu wanazika mtu asiye wao. Yeye amejifunza kusema neno, kusubiri lifike, kisha kusema lingine.

"Huyu anayecheza yuko mlima huu," alisema. "Mpira uko mlima ule."

"Hivyo tu, mzee."

"Na kasuku? Kasuku nilimwona vizuri kabisa."

"Kasuku ni video," Fardosa alisema. "Nani alikuwa anabonyeza kitufe? Hata ikichelewa mwaka mzima, huwezi jua."

Hapo ndipo Obadiah alipovua kofia. Utaratibu wake wa miaka yote haukuwahi kumwambia kwamba mtu anaweza kuonyeshwa kitu kwa macho yake mwenyewe na bado asikione.

Fardosa alimweleza mengine, na mimi nitayapitia haraka kwa sababu najua mnataka kujua ya Omosa. Televisheni hizi, alisema, haziitoi picha kama ilivyoingia. Huiosha, huipaka rangi, huinyoosha, na urembo huchukua muda. Televisheni nzuri ina sehemu ya kuchagua gemu, na ukiichagua, inaacha urembo na kuitoa picha upesi. Hii ya Omosa nayo ina sehemu hiyo, na jina limeandikwa. Ukiibonyeza, nyasi za uwanja zinazidi ukijani. Basi.

Ile 4K iliandikwa kwenye katoni kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za sisimizi ikaandikwa kwamba televisheni inapokea 4K. Kupokea si kuonyesha. Kioo chenyewe hakina uwezo huo, ndiyo maana majina mgongoni mwa wachezaji yanaonekana kama yameandikwa kwa mkaa. Fardosa alisema hata kikombe chake cha chai kinapokea maji ya ziwa. Na ile mia na ishirini ni hesabu ya watu wa matangazo. Kioo kinachora picha mara sitini kwa sekunde, mengine ni masimulizi.

Ungedhani sasa Obadiah atapanda pikapu akaseme. Hata Fardosa alidhani hivyo. Lakini mzee alisimama mlangoni akakataa.

"Nimeona maiti," alisema. "Nionyeshe aliye hai."

Kwa hiyo asubuhi walikwenda Kisii mjini, kwenye duka la Madhu.

Madhu alirithi duka kwa baba mkwe wake, na pamoja na duka alirithi sheria kwamba mteja hutazama kwa macho. Alipomwona Fardosa akitoa mashine ya gemu kwenye mkoba, aliuliza kama wamekuja kununua au kuhamia. Ukutani kwake pia palikuwa na maporomoko ya maji. Yalikuwa maporomoko yale yale, na kasuku alikuwa yule yule.

Fardosa alimwambia kwa adabu kwamba hatanunua televisheni ambayo hajaigusa kwa kidole. Madhu akasema dukani kwake hakuna aliyewahi kuomba hivyo. Fardosa akasema ndiyo maana wanauziwa kasuku. Madhu alimtazama, akamtazama Obadiah ambaye sauti yake ilikuwa imetangaza kifo cha mteja wake mmoja mwema mwezi uliopita, akaleta waya wa umeme.

Walianza na ile kubwa ya dirishani, yenye kibandiko cha dhahabu kinachosema ni mfalme wa gemu. Fardosa alicheza, Obadiah akarekodi. Mfalme alichelewa.

Ya pili ikachelewa. Ya tatu ilikuwa afadhali, lakini majina mgongoni yaliota manyoya. Madhu, aliyekuwa ameanza kwa kusimama mbali na mikono imekunjwa, sasa alikuwa ameinama juu ya bega la Obadiah akitazama video. Alirudi dirishani, akakibandua kile kibandiko cha dhahabu taratibu kwa ukucha, akakitia mfukoni.

Kisha akaenda kwenye kona, akaondoa katoni mbili za pasi, akawasha televisheni iliyokuwa nyuma yake. Ilikuwa ndogo kuliko zote, fremu nyeusi isiyo na mapambo. Fardosa alichagua ile sehemu ya gemu, nyasi zikabaki rangi zile zile, akabonyeza.

Kidole na mguu.

Akarudia. Akampa Obadiah, Obadiah akapiga. Akampa hata Madhu, ambaye alikataa mara mbili kabla ya kuchukua. Jina mgongoni mwa mchezaji lilisomeka toka mlangoni.

"Kwa nini umeificha hii?" Fardosa aliuliza.

"Sijaificha. Imeandikwa sitini," Madhu alisema. "Mtu anakuja, anaona sitini, anaona ile nyingine mia na ishirini. Nimeeleza mpaka nimechoka."

Fardosa akasema aiweke, asiuziwe mtu mwingine. Obadiah yeye alikuwa ameshatoka nje kuwasha gari. Alikuwa amemwona aliye hai, na sasa alijua aliyekufa ni nani.

Hapa, msomaji, naomba usimkasirikie. Mimi nilimkasirikia vya kutosha kwa niaba yetu sote. Badala ya kwenda moja kwa moja sokoni, Obadiah alikwenda kwa Omosa. Alisema habari mbaya huambiwa wenye boma kwanza, kisha majirani. Hajawahi kuvunja utaratibu huo na hakuona kwa nini auvunje kwa sababu ya mfanyabiashara.

Omosa alimkaribisha, akaagiza chai. Alisikiliza yote: kidole, kasuku, sisimizi wa kwenye katoni. Hakukana. Alisema matangazo ya dunia nzima ndivyo yalivyo, na kwamba hajawahi kuona mtu aliyekufa kwa kuchelewa penalti. Obadiah akajibu kwamba watu walinunua kwa sababu yake, na kesho akiwaambia kuna msiba watamwuliza maswali. Ndilo jambo lililokuwa likimwuma. Hakuwa na mali nyingine, ni neno lake tu.

Omosa akakubali. Akasema mogaka, yaani mzee, nenda katangaze, mimi siwezi kukufunga mdomo. Akamimina chai nyingine.

"Lakini vile vipaza sauti ni vyangu," akasema.

Fundi alikuwa nje tayari, juu ya pikapu, na bisibisi.

Ndiyo hivyo Obadiah alivyosimama sokoni Keumbu mchana ule, mbele ya umati, na koo lake tu. Alisema ukweli. Nathibitisha kwamba aliusema wote, kuanzia kasuku hadi sitini, na akaomba msamaha. Lakini lori la ndizi lilikuwa linashusha, bodaboda zilikuwa zinagombea abiria, na Omosa alikuwa ameweka nje ya duka lake redio kubwa inayopiga nyimbo za injili. Waliosimama mbele walisikia. Wa katikati walisikia neno televisheni na neno kweli. Wa nyuma waliwauliza wa katikati.

Jioni Masimba walikuwa na habari kwamba Obadiah amethibitisha televisheni ni nzuri. Nyamira wakaambiwa amethibitisha na kuapa. Ilipofika Magwagwa, habari ilikuwa kwamba amepewa moja, iko sebuleni kwake, anatazama kasuku.

Fardosa alijaribu. Alisambaza ile video ya kidole kwenye simu za vijana, na vijana wakaelewa. Kuelewa kwao kulimmaliza Obadiah kabisa, kwa sababu sasa walijua kwa hakika kwamba televisheni ni uongo, na walikuwa wameambiwa kwa hakika kwamba Obadiah amesema ni kweli. Rashad, ambaye hasira yake ya penalti ilikuwa haijapoa, alimrudishia neno lake lile lile. Maziwa yakiwa na maji, Masimba wakayaita ya 4K. Chenji ikiwa pungufu, 4K. Mchumba asiyepokea simu, 4K.

Obadiah aliyasikia hayo akiwa ameegesha pikapu tupu kando ya barabara. Iliniuma kuandika sehemu hiyo na sitaki kuirefusha.

Sasa fungeni mikanda, kwa sababu kifo hakingoji mtu apate vipaza sauti.

Mzee Ogeto wa Magwagwa alifariki.

Kama humjui Ogeto, wewe si wa upande huo. Ndiye aliyepatanisha watu waliogombania mipaka ya mashamba, na ndiye aliyetoa kipande cha ardhi ikajengwa shule. Mtu wa namna hiyo akifa, boma lake hujaa mpaka majirani wanakosa mahali pa kufungia mbuzi. Aliacha mjane, Nyanchama, na mtoto mmoja wa kiume anayefanya biashara Keumbu.

Naam. Omosa.

Omosa alifika kwa Obadiah mwenyewe, bila fundi. Vipaza sauti vilikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, vimefunikwa koti. Alivitoa kimoja kimoja, akapanda juu ya pikapu akiwa na viatu vyake vya ngozi, akavifunga kwa mikono yake. Bisibisi ilimponyoka mara kadhaa. Obadiah alimwangalia, kisha akapanda akamshikia vipaza sauti na skrubu.

Obadiah alifuata utaratibu. Alikwenda bomani Magwagwa, akampa mkono Nyanchama, akakaa naye kidogo. Akaingia ndani, akamwona mzee chini ya shuka jeupe, akatoka. Omosa aliketi naye mbele ya pikapu ili aonyeshe wapi pa kusimama, ingawa Obadiah alizijua njia zile kuliko yeye.

Alitangaza vizuri. Alisema neno, akasubiri lifike mlima wa pili, akasema lingine. Ogeto, mume wa Nyanchama, baba yake Omosa, ametutoka. Mazishi ni keshokutwa.

Katika mashamba ya chai, wachumaji waliinua vichwa.

Kisha wakainama, wakaendelea kuchuma.

Obadiah aliendesha mbele, akasimama karibu na kituo cha kupimia majani chai, akarudia. Watu walikuwa wengi. Walimtazama kama wanavyomtazama muuza dawa ya panya. Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea mlango wa kibanda cha gemu akauliza, bila hata kupaza sauti:

"Mzee, amekufa ya ukweli ama ya 4K?"

Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walisoma shule iliyojengwa kwenye shamba la Ogeto.

Walizunguka tena, wakapita njia za juu na za chini. Mama mmoja alitoka kwenye lango akaonekana kama anataka kuuliza, mumewe akamwambia arudi ndani, ni tangazo la biashara. Waliporudi bomani mchana, hema lilikuwa limesimamishwa na viti vimepangwa safu kwa safu. Nyanchama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, pamoja na dada yake. Viti vingine vyote vilikuwa vitupu. Alikuwa anaangalia njia.

Omosa aliona hayo kupitia kioo cha gari, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe. Alimwambia Obadiah aongeze sauti.

"Sauti inatosha," Obadiah alisema. "Hawa hawataamini kifo mpaka waambiwe ukweli wa televisheni."

"Baba yangu amelala pale ndani, na wewe unaniambia mambo ya TV."

Obadiah aliizima injini. Maikrofoni ilikuwa kati yao, kwenye kiti, na hakuishika.

Omosa alijipangusa uso. Alitazama hema, akatazama mama yake, akatazama bonde na vile vichwa vilivyoinama kwenye chai. Nadhani alifanya hesabu ya mwisho ya mfanyabiashara, na kwa mara ya kwanza haikumpa jibu alilolitaka. Akaichukua maikrofoni.

Hakujua kusubiri neno lifike. Alisema kwa kufululiza, na bonde likamrudishia maneno yake yamepandana.

"Mimi ni Omosa, mtoto wa Ogeto. Zile TV niliwauzia si za gemu. Nilijua. Obadiah hakujua, na alipojua nilimnyang'anya vipaza sauti." Akavuta pumzi, na nusu ya Magwagwa ikaisikia. "Baba yangu amekufa. Huyo amekufa kweli. Tafadhali kujeni."

Katika mashamba ya chai, vichwa vikainuka tena.

Kikapu cha kwanza kikawekwa chini. Kisha cha pili. Toka mlima wa ng'ambo, mwanamke akapiga ukemi wa msiba, mwingine akaupokea, ukashuka bondeni boma kwa boma kama ilivyopaswa kuwa tangu asubuhi. Obadiah alishusha kioo cha dirisha lake ili ausikie vizuri. Neno lake lilikuwa limerudi, ingawa halikupita kinywani mwake.

Jioni hiyo majirani walifika, na asubuhi iliyofuata kukawa hakuna mahali pa kukanyaga. Waliokuja waliomba radhi kwa kuchelewa. Walileta ndizi, kuni, sukari na unga, na kila mmoja alimpa Nyanchama mkono, na Nyanchama aliwaambia wote kwamba hakuna neno, wamefika. Omosa alisimama kando ya mama yake langoni akipokea. Watu walimpa mkono yeye pia. Alianza kufikiri kwamba mambo yamekwisha.

Jua lilikuwa limepanda kidogo watu walipoanza kugeuza shingo kuelekea mlimani.

Msafara ulikuwa unashuka kwa njia ya chai. Ulikuja polepole na kwa heshima, kama inavyofaa msibani. Mbele alikuwa Fardosa, amejitanda mtandio mweusi, na nyuma yake Rashad na vijana wa Masimba, kisha wa Keumbu, kisha nyuso ambazo Omosa alizikumbuka toka dukani, kutoka kila kituo alichopitia Obadiah. Hawakubeba ndizi. Hawakubeba kuni. Walitembea wawili wawili, na kila wawili walibeba kati yao kitu kipana, cheusi, chembamba, kilichofunikwa leso kwa uangalifu, na pale upepo ulipofunua leso, jua liliwaka juu ya kioo.

Kwaya iliyokuwa ikiimba ilikata wimbo katikati.

Fardosa alifika langoni. Yeye na Rashad waliitua yao chini bila kuigonga. Akampa Nyanchama mkono kwa mikono miwili, akampa pole, akasema Mungu ampokee mzee. Alisema hayo kutoka moyoni na kila mtu aliona. Kwa Omosa hakusema neno.

Nyanchama aliitazama ile televisheni kwa muda. Aliutazama msafara, ambao mwisho wake ulikuwa bado haujatoka kwenye chai. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Omosa," alisema, "wageni wako wamekuja na mizigo. Waonyeshe mahali pa kuweka."

Omosa alitazama boma zima. Hema lilijaa, viti vilijaa, njia ilijaa. Palipobaki wazi ni pale vijana wa ukoo walipokuwa wakichimba kaburi, na Fardosa alikuwa amekwisha kuinua upande wake wa televisheni, akageukia huko.